Simu Imejaa, Lakini Imejaa Wapi?

Nchini Kongo, herufi R, A na M zilifahamika kwa wengi kama kodi kabla hazijafahamika kama sehemu ya simu. Septemba 2020 serikali ya Kinshasa ilianzisha rejista ya vifaa vya mkononi, iliyojulikana kwa kifupisho chake cha Kifaransa, RAM, na yuniti zikaanza kukatwa: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G au 4G. Mtu aliweka yuniti asubuhi ili ampigie ndugu yake, akakuta zimepungua kabla hajasema neno. Malalamiko yakafika bungeni, na mwanzoni mwa 2022 makato hayo yakaondolewa. Jina lilibaki na uchungu wake.

RAM ya pili, ile iliyomo ndani ya kila simu, haikati yuniti. Lakini asiyeielewa huilipia kwa njia nyingine, polepole, mwaka baada ya mwaka: kwa kadi aliyoinunua bila sababu, kwa simu aliyoibadilisha ingali nzima, kwa picha za marehemu baba zilizofutwa na kijana wa kibanda aliyeahidi kuifanya simu iwe nyepesi. Katika mji kama Kolwezi, mkoani Lualaba, ambako simu ni daftari la biashara, albamu ya familia na mfuko wa hati, hasara hiyo si ndogo.

Chanzo cha mkanganyiko ni lugha. Mtu husema "simu imejaa", na maneno hayo mawili hubeba magonjwa mawili tofauti. Ugonjwa wa kwanza ni simu kukosa mahali pa kuweka vitu: kamera inakataa kupiga picha, WhatsApp inakataa kupakua sauti, programu haiwezi kusasishwa. Wa pili ni simu kukosa mahali pa kufanyia kazi: kibodi inachelewa, ukurasa uliokuwa wazi unaanza upya, muziki unakatika ukifungua kamera. Kiswahili hupaita mahali pote pawili kumbukumbu au memori. Kifaransa, ambacho ndicho lugha ya skrini nyingi za Lualaba, nacho hutumia neno moja na kulitofautisha kwa vivumishi tu, kumbukumbu hai na kumbukumbu ya ndani. Ndipo mwenye simu inayokwama ananunua kadi ya gigabaiti 64, anaichomeka, na simu inaendelea kukwama. Mwingine, ambaye picha hazihifadhiki tena, anapakua programu ya kusafisha RAM, na programu hiyo nayo inakula nafasi iliyobaki. Kila mmoja ametibu ugonjwa wa jirani yake.

Sanduku la simu halisaidii. Juu yake mara nyingi huandikwa RAM na ROM, mathalani 4 na 64. ROM kwa maana yake ya asili ni kumbukumbu ya kusomwa tu, isiyoandikwa na mtumiaji. Zile gigabaiti 64 ni hifadhi ya flashi, inayoandikwa na kufutwa kila siku. Watengenezaji wamelizoea neno, wauzaji wakalirithi, na mnunuzi akabaki na vifupisho viwili vinavyofanana kama mapacha.

Mfano mzuri wa kuzitenganisha uko karibu. Waluba, ambao simulizi za kale zinawafanya wakwe wa Walunda kupitia mwindaji Chibinda Ilunga aliyemwoa malkia Ruwej, walikuwa na ubao wa mti uitwao lukasa. Ni ubao unaotosha kiganjani, umepambwa shanga na kauri zilizopangwa kwa mafumbo. Mjuzi wa chama cha Mbudye aliushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga, na kwa kila mguso akasimulia wafalme, safari na mahali patakatifu. Anayemwangalia leo kijana aliyesimama kando ya barabara, simu kiganjani na kidole kikiteleza juu ya kioo, anaona mkao uleule.

Lukasa ni hifadhi. Ukiuweka ukutani miaka kumi, shanga zitakuwa palepale. Lakini ubao wenyewe hausemi. Simulizi hufanyika kichwani mwa mjuzi, wakati ule anapokumbuka jina hili na kuliunganisha na lile, na akinyamaza simulizi imekwisha. Kichwa hicho ndicho RAM. Kumwongezea mzee shanga elfu moja ubaoni hakumfanyi afikiri haraka zaidi, na kumpa mzee mwenye akili kali ubao mdogo hakumfanyi aweke historia nzima ya ufalme.

Musumba, mji mkuu wa Walunda haohao, unatoa sura ya pili. Makao hayo ya Mwant Yav, mfalme wao, katika teritori ya Kapanga kaskazini magharibi ya Kolwezi, zamani hayakukaa mahali pamoja. Kila mtawala mpya alijenga ua wake na mji wake, na ule wa mtangulizi ukaachwa. Ndivyo RAM inavyoishi. Umeme ukikatika, kila kilichokuwamo kinatoweka, na simu ikiwashwa inajenga upya toka mwanzo.

Nyuma ya mifano hiyo kuna vitu vya kushikika. RAM ya simu ni DRAM, teknolojia iliyobuniwa na Robert Dennard wa kampuni ya IBM katika miaka ya 1960: chaji ndogo ya umeme katika kila chumba cha kumbukumbu, inayovuja upesi kiasi kwamba lazima ijazwe upya mara nyingi kwa kila sekunde. Flashi ilitoka kwa Fujio Masuoka wa Toshiba katika miaka ya 1980. Yeye alizifungia elektroni mahali ambapo hukaa miaka bila umeme wowote. Ya kwanza ni ya haraka sana na ni ghali kwa kila gigabaiti. Ya pili ni ya polepole na rahisi kwa bei. Simu huhitaji zote mbili kwa sababu hakuna moja inayoweza kazi ya mwenzake.

Na simu ina vitu vya nyumbani ndani yake, shaba na kobalti. Mwaka 1997 IBM ilitangaza kwamba nyaya ndogo ndani ya chipu, ambazo hadi hapo zilikuwa za alumini, sasa zingetengenezwa kwa shaba, na viwanda vingine vikafuata. Kobalti imo katika betri nyingi za simu, na zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, sehemu kubwa ikitoka Lualaba. Katika mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, tangu 2014 watu walichimba mashimo hadi chini ya sebule zao kulifuata jiwe hilo. Nchi inayotoa moyo wa simu inastahili kuielewa simu vizuri zaidi kuliko mtu mwingine yeyote, na hilo linasemwa hapa kwa dhati.

Tuanze na hifadhi, kwa kuwa ndiyo inayolalamikiwa zaidi.

Simu yenye gigabaiti 32 haimpi mnunuzi gigabaiti 32. Mfumo wa Android na programu za kiwandani hukalia mara nyingi zaidi ya gigabaiti 10 kabla mwenye simu hajapiga picha ya kwanza. Programu zake mwenyewe, pamoja na data zake, huchukua nyingine kadhaa. Kinachobaki ndicho uwanja wa maisha: kamera na WhatsApp. Video ya dakika moja iliyopigwa kwa ubora wa kawaida wa 1080 hufikia megabaiti 100 na zaidi. Kwaya ya kanisa ikiimba wimbo wa dakika nne mbele ya kamera, nusu gigabaiti imekwenda. Jumapili nne, wimbo mmoja kila Jumapili, ni gigabaiti 2.

Mgeni asiyeonekana ni nakala. Video ileile ikitumwa kwenye kundi la familia, ile ya asili inabaki katika folda ya kamera, na WhatsApp inatengeneza nyingine iliyobanwa na kuiweka katika folda yake ya vilivyotumwa. Kila usiku, tena, WhatsApp huandika nakala ya mazungumzo ndani ya simu, na huweka zile za siku saba za mwisho. Mtu mwenye makundi mengi anaweza kubeba mamia ya megabaiti ya maandishi yaleyale mara saba. Tangu Android 11 ya mwaka 2020 folda hizi zimehamishwa ndani zaidi, katika njia ya Android/media, kwa hiyo aliyezoea kuiona folda ya WhatsApp mwanzoni mwa orodha ya faili anadhani imepotea.

Kwa bahati nzuri, WhatsApp yenyewe tangu mwishoni mwa 2020 ina ukurasa wa kusimamia hifadhi, ndani ya mipangilio yake. Huko huonekana faili zinazozidi megabaiti 5, zile zilizosambazwa mara nyingi, na orodha ya makundi kulingana na uzito wake. Nusu saa katika ukurasa huo hufanya kazi kubwa kuliko programu yoyote ya kusafisha. Na chini yake kuna swichi muhimu kuliko zote: upakuaji wa kiotomatiki. Ukiuzima kwa video, kila video itasubiri kuguswa kabla haijaingia. Mahali ambapo mega za intaneti hununuliwa kwa siku au kwa wiki, swichi hiyo huokoa nafasi na fedha kwa pamoja.

Jambo moja linahitaji kusemwa kwa sauti, kwa sababu limewaliza watu. Katika mipangilio ya Android, kila programu ina vitufe viwili vilivyokaa jirani: kufuta kashe na kufuta data. Kashe ni vitu ambavyo programu imejiwekea ili isivipakue tena, kama picha ndogo za Facebook au vipande vya video za TikTok. Kuifuta hakuumizi, ila programu itaijenga tena, na kwa kuijenga itakula mega. Data ni programu yenyewe inavyokujua: akaunti, mipangilio, mazungumzo. Anayebonyeza kufuta data kwenye WhatsApp bila kuwa na nakala amefuta mazungumzo yake. Makubaliano ya bei na mnunuzi, picha ya stakabadhi ya mzigo uliouzwa, sauti ya bibi aliyefariki mwaka jana, vyote huweza kukaa nyuma ya kitufe hicho.

Kwa nini basi simu iliyojaa huwa pia nzito, kana kwamba magonjwa mawili yamekuwa moja? Hapa ndipo watu wengi wenye akili hupotea, na wana sababu. Flashi huandikwa kwa kurasa ndogo lakini hufutwa kwa mafungu makubwa. Ukifuta picha moja, nafasi yake haiwi tupu papo hapo. Lazima chipu ihamishe vitu vingine vilivyo katika fungu lilelile, ndipo ilifute lote. Kukiwa na uwanja wazi, kazi hiyo hufanyika bila mtu kuhisi. Uwanja ukibana, kila uandishi hungoja ufutaji, na mwenye simu huona kidole chake kikitangulia skrini. Kwa hiyo hifadhi iliyojaa hadi ukingoni huiga dalili za RAM ndogo. Kuacha angalau sehemu moja ya kumi ikiwa wazi ni tahadhari yenye msingi wa kifizikia.

Android 4.3, iliyotoka Julai 2013, ilileta dawa: mfumo huiambia chipu ni kurasa zipi hazihitajiki tena, ili izisafishe mapema. Kazi hiyo hufanywa simu ikiwa imetulia na ipo kwenye chaji, yaani usiku, kitandani, katika nyumba yenye umeme. Wabunifu waliwaza nyumba ya aina hiyo. Lakini laini kubwa ya umeme kutoka Inga, ya kilomita zipatazo 1,700, iliyokamilika 1982, ilijengwa kufika Kolwezi kwa ajili ya migodi, na nyaya zake zinapita juu ya vijiji vingi visivyo na taa. Katika teritori kama Kapanga, simu huchajiwa kwa paneli ya jua au kwa malipo katika kibanda, mchana, mara nyingi ikiwa imezimwa ili ijae haraka. Simu iliyozimwa haisafishi chochote. Wenye simu za namna hiyo wanafaidika wakiziacha zikiwa zimewashwa na kutulia kwenye chaji, japo mara moja kwa wiki.

RAM ina tabia nyingine kabisa, na ushauri wake ni kinyume cha ule wa hifadhi.

Hifadhi inapaswa kuachiwa nafasi. RAM inapaswa kujaa. Android imejengwa juu ya Linux, na kwa Linux RAM iliyo tupu ni RAM iliyolala bure. Mfumo huacha programu ulizotumia hivi karibuni zikiwa tayari, ili ukirudi zifunguke mara moja. Nafasi ikihitajika, kila programu ina alama yake: ile inayoonekana kwenye skrini ina ulinzi wa juu kabisa, inayopiga muziki inafuata, na zile zilizosahauliwa huuawa kwanza. Kabla ya kuua, mfumo hujaribu kubana, yaani kuzifinya data zisizotumika ndani ya RAM yenyewe zikae mahali padogo, njia ambayo Android inaiunga mkono tangu toleo la 4.4 la mwaka 2013.

Programu za kusafisha RAM huvuruga mpango huu. Huua zote kwa mpigo, zionyeshe tarakimu nzuri ya kijani, na baada ya dakika chache programu zilezile zimerudi, kwa kuwa WhatsApp lazima isubiri ujumbe na mfumo lazima usikilize mtandao. Kuanzisha programu toka mwanzo hutumia betri nyingi kuliko kuiamsha. Tena kisafishaji chenyewe hukaa ndani ya RAM kikilinda zamu, na mara nyingi huishi kwa matangazo yanayopakuliwa kwa mega za mwenye simu. Vivyo hivyo kwa mazoea ya kutelezesha madirisha yote nje ya skrini kila baada ya dakika tano. Dirisha lililokwama lifungwe, mengine yaachwe.

RAM ndogo kweli haina dawa ya bure. Google ilikubali hilo Desemba 2017 ilipotoa toleo jepesi, Android Go, kwa simu zenye gigabaiti 1 au chini yake, pamoja na programu nyepesi za kuandamana nalo. Lakini kiwango kilipanda: Android 13 ya mwaka 2022 ilidai angalau gigabaiti 2 za RAM na 16 za hifadhi hata kwa Go. Mwaka huohuo YouTube Go ilifungwa. Simu ya gigabaiti 1 iliyokuwa nzima 2018 haikuharibika. Dunia iliyoizunguka ikawa nzito, kwa sababu programu zilezile ziliongezeka uzito kila msimu. Kinachoweza kufanywa ni kupunguza mzigo: Facebook Lite, iliyotoka 2015 kwa ajili ya mitandao ya polepole, badala ya ile kubwa, kivinjari kimoja badala ya vitatu, picha tuli badala ya zinazocheza kwenye skrini ya mwanzo.

Sasa suala la sanduku, na hapa Kolwezi ina somo lake. Anayeuza mawe katika madepo ya madini ya Musompo anajua kwamba gunia lina uzito na lina kiwango, na kwamba bei hutegemea kiwango. Mashine ya kupimia, ambayo watu huiita Metorex kwa jina la chapa, huelekezwa kwenye jiwe na kutoa asilimia, na ugomvi mwingi wa machimbo umezaliwa na asilimia hiyo. Mchimbaji hakubali kupimiwa bila kuangalia. Mchimbaji huyohuyo, akienda mjini kununua simu, husoma "8 GB" kwenye sanduku na kulipa.

Simu nyingi za bei ya chini zinazouzwa Afrika leo, zikiwamo chapa za Tecno, Itel na Infinix za kundi la Transsion la Shenzhen, na za washindani wake pia, hutangazwa kwa RAM iliyoongezwa. Karibu na tarakimu kubwa huwa na maelezo madogo: 4+4. Nne za kwanza ni RAM. Nne za pili ni sehemu ya flashi iliyokopeshwa kazi ya RAM. Mpango huo si uongo wala si uchawi, kompyuta zimefanya hivyo miaka mingi. Lakini flashi ya simu ya bei ndogo husoma kwa kasi iliyo chini ya moja ya kumi ya RAM halisi, kwa hiyo kilichowekwa huko kinaweza kulala, hakiwezi kukimbia. Programu iliyosahauliwa haitauawa, itaamka ikiwa na usingizi. Gharama yake ni mbili: zile gigabaiti 4 zimetoka katika hifadhi ya picha, na chipu ya flashi, ambayo kila chumba chake huvumilia idadi fulani tu ya maandishi, inaandikwa zaidi. Kwa simu ya gigabaiti 32 ambayo hifadhi yake tayari inabana, kipengele hicho ni bora kizimwe. Kwa ile ya 128 hakina madhara makubwa.

Kadi ya nje ina historia ya kupanda na kushuka. Simu ya kwanza ya Android, HTC Dream ya 2008, ilikuwa na hifadhi ya megabaiti 256 tu, na bila kadi isingefaa kitu. Mwaka 2015 Android 6 iliruhusu kadi iunganishwe na hifadhi ya ndani ikawa kitu kimoja, na wengi wakashangilia. Kuna jambo ambalo wengi hawakuelezwa. Kadi ikiunganishwa hivyo, hufungwa kwa msimbo ambao ufunguo wake unakaa ndani ya simu hiyo. Simu ikitumbukia kwenye shimo la maji, kadi itatoka salama lakini haitasomeka kokote. Watengenezaji kadhaa hata wameiondoa njia hiyo. Kwa mtu wa kawaida kadi ifanye kazi moja: kupokea picha, video na muziki. Kamera iambiwe ihifadhi huko. Programu zibaki ndani, isipokuwa kadi ina alama ya A1 au A2, ambayo ni uthibitisho kwamba inavumilia maandishi madogomadogo ya haraka. Alama ya Class 10 inahusu mtiririko wa video, na haisemi chochote kuhusu programu.

Ushauri wa dunia nzima siku hizi ni wingu: tuma kila kitu kwenye seva, futa simuni. Unafaa kwa Dubai au Brussels. Hata huko umepungua ukarimu. Google ilisitisha hifadhi ya picha isiyo na kikomo tarehe 1 Juni 2021, na tangu hapo picha, barua pepe na faili hugawana gigabaiti 15 za bure. Nakala za WhatsApp, zilizokuwa hazihesabiwi, zilianza kuhesabiwa humohumo kati ya mwisho wa 2023 na 2024. Kwa mkazi wa Musumba, ambako mtandao ni wa kutafutwa, kupandisha gigabaiti 10 kwa mega za kununua ni kulipia simu mara ya pili. Wingu liwekewe maandishi na majina ya watu: nakala ya WhatsApp bila video, namba za simu katika akaunti, picha za hati muhimu. Vitu hivyo ni vidogo, na ndivyo visivyoweza kupigwa picha tena.

Video za harusi na matanga ziende kwingine. Kibanda cha kuchapa na kunakili karatasi, kinachopatikana karibu na kila shule na kila ofisi, kina kompyuta. Diski ya flashi yenye kichwa cha kuingia moja kwa moja kwenye simu haihitaji hata kompyuta. Kinachotakiwa ni nakala mbili, mahali pawili, kwa kuwa flashi nayo hufa bila kuaga, na diski moja mfukoni ni nakala inayosubiri kupotea. Shangazi mmoja katika familia, mwenye sanduku la nyaraka na utulivu wa kutunza, anafanya kazi hii vizuri kuliko seva.

Bei nazo zinasogea. Mwishoni mwa 2025 chipu za DRAM zilipanda bei kwa kasi duniani, kwa kuwa watengenezaji wakubwa, Samsung, SK Hynix na Micron, walielekeza viwanda vyao kwenye kumbukumbu za vituo vya data vya akili bandia. Desemba mwaka huo Micron ilitangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya wateja wa rejareja. Vituo hivyohivyo vinahitaji shaba nyingi, na shaba ya Lualaba inauzwa vizuri. Lakini simu ndogo ndiyo inayobanwa kwanza: mtengenezaji asiyeweza kupandisha bei hupunguza RAM, kisha hukoleza ile tarakimu ya 4+4. Anayenunua leo na akawa na fedha ya kuchagua kimoja, achague RAM halisi zaidi. Hifadhi inaweza kuongezwa kwa kadi. RAM imechomelewa kwenye bodi na haitaongezeka kamwe.

Na apime kabla ya kulipa, kama anavyopima jiwe. Kwenye mipangilio, ukurasa wa kuhusu simu huonyesha RAM ya kweli ikiwa imetengwa na ya kukopa. Ukurasa wa hifadhi huonyesha mfumo umekalia kiasi gani. Kadi ya bei rahisi mno yenye kuandikwa gigabaiti 512 au terabaiti 1 ishukiwe. Zipo kadi zilizochezewa zidanganye simu kuhusu ukubwa wake: hupokea kila kitu bila kulalamika, na zikifika ukomo wake wa kweli huandika juu ya vya zamani au hupoteza vipya. Kuzigundua ni rahisi, ila kunahitaji subira ya alasiri moja. Kadi ijazwe video hadi mwisho, simu izimwe, kadi itolewe, irudishwe, kisha video zifunguliwe moja baada ya nyingine, ya kwanza, za katikati na ya mwisho. Jumla ya zile zinazocheza hadi mwisho ndiyo kiwango cha kadi.